Bi Mzunguko, Dereva Asiye na Kisa

Ukitaka kumwudhi Bi Mzunguko, mwulize kwa nini kila asubuhi hulizunguka lori lake kama mtu anayetafuta mlango. Ukitaka kumwudhi zaidi, ongeza lile swali ambalo yadi nzima imekuwa ikimwuliza tangu alipokuwa dereva mgeni mpaka sasa mvi zimemfika kwenye nyusi: "Na miaka yote hiyo, umewahi kukuta nini?"

Jibu lake halijawahi kubadilika. "Sijakuta kitu," husema, kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu.

Mzunguko wenyewe huanzia mlango wa dereva, na hauna haraka hata mvua ikinyesha. Mkononi hushika mpini wa nyundo ambayo kichwa chake kilipotea zamani. Kwa mpini huo hugonga kila tairi huku ametega sikio. Lenye upepo wa kutosha hudunda na kumjibu. Lililopungukiwa hunung'unika tu, naye husimama hapo akanung'unika nalo. Nati za magurudumu huzigusa moja moja, kama mama anayempapasa mtoto paji la uso kuona kama ana homa. Huwasha taa akashuka kuzitazama, hutikisa kamba za turubai, hupangusa vioo vya pembeni kwa kitambaa ambacho haruhusu kifute kitu kingine chochote. Mwisho kabisa huinama kuchungulia uvunguni, na hapo magoti yake hulia kwa sauti ambayo hata mafundi wa upande wa pili wa yadi huisikia. Wenye magoti mazima pale ni wengi, lakini hajawahi kumtuma mtu amchungulilie.

Halafu kuna kabari. Hicho ni kipande cha mbao ngumu kilichochongwa upande mmoja, ambacho dereva hukisukumia nyuma ya tairi anapoegesha ili lori lisirudi nyuma. Wengi hutumia jiwe, na wakiondoka huliacha pale pale barabarani limngoje mwenye pikipiki. Bi Mzunguko ameifunga kabari yake kamba nyekundu, na akishaegesha, ufunguo wa lori huufunga kwenye kamba hiyo hiyo. Asipoirudia kabari hana ufunguo, na bila ufunguo haendi popote. Wenzake humcheka kwamba hajawahi kuonekana mtu anayefunga lori kamba kama mbuzi.

Nyumbani mambo si tofauti. Mumewe ni fundi cherehani, mtu mpole ambaye ulimi wake una ncha kuliko sindano zake, na hupenda kuwaambia wateja kwamba wenzake walioa wake, yeye alioa mkaguzi. Anasema nyumbani kwake kiti hakikaliwi kabla hakijatikiswa. Anasema mkewe akipanda gari la mtu mwingine, hata teksi, mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu kila kona kutafuta breki isiyokuwepo, na akishuka huwa amechoka kuliko dereva. Mgeni akiaga, badala ya kupewa salamu za watoto, huulizwa kama jana alilala vya kutosha. Yote hayo ni kweli, ila hilo la teksi fundi amelipunguza makali.

Kasoro yake ni moja, na kwa dereva ni kasoro kubwa: hana kisa. Kwenye kibanda cha chai kilichoegemea ukuta wa yadi, kila dereva ana chake. Kuna aliyesinzia kwenye usukani akaamkia katikati ya shamba la mahindi, mabua yakiingia dirishani. Kuna ambaye tela lake lilikatika, likampita, akalipungia mkono kabla hajagundua ni la nani. Kila kisa kikirudiwa, mteremko huongezeka urefu na breki huzidi kukatika. Zamu ikimfikia Bi Mzunguko, fundi makanika, ambaye hakosi kibandani hata magari yakiwa mengi ya kutengeneza, humgeukia na kumwuliza: "Na wewe mwenzetu, safari ilikuwaje?"

"Nilifika," husema Bi Mzunguko, na kupuliza chai yake.

Basi hapo kibanda kizima huangua kicheko. Watu wamejaribu hata kumtungia kisa, maana inawauma. Wapo wanaoapa kwamba ujanani alipinduka, akanusurika, ndipo akaanza kuzunguka. Wapo waliosikia kwamba alitabiriwa. Hakuna lolote la namna hiyo. Aliyemfundisha udereva alikuwa mtu wa kero nyingi aliyemwambia azunguke gari kabla ya kuliwasha, naye akazunguka, na anaendelea mpaka leo. Mtu anayeandika habari za maisha ya watu angeyakimbia maisha yake, kwa sababu hayana pa kushika.

Ila alikuwa na Chapchap.

Chapchap ni mtoto wa kaka yake, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Alizaliwa kabla mkunga hajavua viatu. Alitembea mapema, akasema mapema, akaoa mapema, na wakati wa habari hizi mkewe alikuwa na ujauzito ambao, kwa maoni yake, ulikuwa unachelewa. Utoto wake mwingi ulipita kwa shangazi yake, ambako kulikuwa na vipande vya vitambaa vya kuchezea na mama mwenye nyumba aliyerudi safari na pipi mfukoni. Bi Mzunguko na mumewe hawakujaliwa mtoto. Bi Mzunguko alimpenda kijana huyo kupita kiasi, na njia pekee aliyoijua ya kuonyesha ilikuwa kumkemea.

Chapchap alipopata leseni ya malori, tajiri, ndivyo madereva wanavyomwita mwenye magari, alikuwa ameongeza lori jipya. Lilisimama yadini viti vikiwa bado vimevikwa nailoni, na kijana alikuwa akilipitia mara nyingi kuliko alivyopita mahali pengine popote. Tajiri akatangaza kibandani, mbele ya kila mtu:

"Bi Mzunguko, kijana wako leseni anayo. Lakini leseni haishuki mlima. Mfundishe. Siku utakayoniambia mpe, nampa. Ukishindwa, kuna mwingine ananingoja getini."

Hapo ndipo tabu ilipoanza. Lori lile lilikusudiwa kupeleka saruji chini ya mteremko mrefu ambao madereva wameuita Mama Mkwe, kwa sababu humwendei kwa kelele, unapunguza kila kitu, na hujui atakupokeaje. Neno moja la Bi Mzunguko lingempa mtoto wa kaka yake kazi ya kulea familia. Neno hilo hilo, akilisema kabla ya wakati wake, lingemleta nyumbani akiwa amebebwa. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale, na lilimnyima usingizi, jambo ambalo kwake ni kosa la kikazi.

Mafunzo yakaanza, na yalianza kwa kushuka garini. Chapchap alizoea kuruka kutoka juu kama gunia linalotupwa.

"Rudi juu," alisema shangazi yake. "Geuka. Shuka ukilitazama gari. Mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, lakini sitaki kukuona hewani."

"Shangazi, hivyo nitashuka mpaka jioni."

"Jioni yenyewe uikute ukiwa na vifundo vyako vya miguu."

Barabarani alimfundisha kuacha nafasi mbele. Chapchap alipenda kumsogelea mwenzake mpaka asome maandishi madogo ya kwenye bampa. "Huyo akikanyaga breki ghafla," Bi Mzunguko alimwuliza, "wewe unataka kusimama nyuma yake, au kwenye kiti chake cha nyuma?" Alimfundisha kutazama vioo bila kungoja sababu. Simu ilifungiwa ndani ya kisanduku cha dashibodi, na ilipolia kijana alikunja uso kwa uchungu kama mtu aliyebanwa kidole. Usingizi ukija, alimwambia, haujadiliwi. Unaegesha mahali salama, unaweka kabari, unalala. "Na kuzunguka?" aliuliza Chapchap. "Kila siku, hata kama jana hukukuta kitu?" Shangazi yake akamkabidhi mpini. Kijana akazunguka, lakini alizunguka kwa mbio, mpini ukigusa tairi hili na kuliruka lile, na uvunguni alichungulia akiwa amesimama wima.

Siku ya kumsalimia Mama Mkwe ikafika. Chapchap alishika usukani, shangazi yake akakaa pembeni, mkanda kifuani na mpini mapajani. Juu kabisa, mahali malori husimama kupumzika, alimwambia: "Gia unaichagua hapa, kabla hujaanza. Ile ambayo ingekupandisha ndiyo ya kukushusha. Injini ndiyo inayolishika gari. Breki inasaidia tu. Ukiikalia breki itapata moto, halafu itakukana."

"Naam, shangazi."

Alianza vizuri. Tatizo ni kwamba kibandani alikuwa amesikia ujanja wa wakubwa: mteremkoni ukiitoa gia, ukaliacha lori lijiendee, dizeli inabaki tangini na tajiri anafurahi. Walipofika mahali barabara inaponyooka kidogo, akaona hapo ndipo pa kumfurahisha tajiri. Akaichomoa gia taratibu, kama mtoto anayechomoa andazi chini ya sahani.

Bi Mzunguko hakuuona mkono. Alichosikia ni injini kunyamaza. Lori likaanza kukimbia bila kelele, nguzo za pembeni zikapita, zikapita upesi zaidi, na Chapchap akashtuka akairudia gia. Gia ikakataa, ikasaga meno.

"Iache gia," shangazi yake alisema, kwa sauti ile ile anayoagizia chai. "Breki. Kanyaga kweli, usipapase. Ngoja mwendo ushuke. Sasa achia. Kanyaga tena. Klachi. Mafuta kidogo. Sasa gia."

Gia ikaingia. Injini ikanguruma kwa hasira na lori likakubali kushikwa. Hakikuharibika kitu isipokuwa shati la Chapchap, ambalo lingeweza kukamuliwa. Mguu wa kulia wa Bi Mzunguko ulikuwa umekanyaga sakafu kwa nguvu kiasi kwamba aliposhuka alichechemea. Mpaka chini hakusema neno, na kwa wanaomjua, huo ndio ugomvi wake mkubwa.

Kesho yake tajiri alimwuliza kibandani. "Bado," alisema Bi Mzunguko, na siku hiyo hakumaliza chai.

Jioni kaka yake akaja nyumbani, Chapchap akimfuata nyuma. Mume wa Bi Mzunguko alikuwa kwenye cherehani yake sebuleni, akishona sare za shule, na alipoona sura ya shemeji yake akaongeza mwendo wa mashine ili asionekane anasikiliza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza jambo moja tu." Kaka mtu hakukaa. "Huyu ni damu yako au si damu yako? Watoto wa watu wanapewa magari, wa kwetu anakaliwa na shangazi yake! Mkewe karibu anajifungua. Huyo mwenzake wa getini amefundishwa kwa siku ngapi? Wewe unataka afikie mvi kama zako ndipo aendeshe?"

Bi Mzunguko alikuwa na majibu, na yote yalikuwa marefu. Kabla hajachagua moja, Chapchap alisema kutoka mlangoni, bila ule utani wake:

"Shangazi, niambie ukweli. Unanionea, au unaniogopea?"

"Nakuogopea," alisema.

Cherehani ikasimama.

"Nakuogopea mpaka chakula hakinipiti. Ule mteremko nimeushuka maisha yangu yote, sijauogopa siku hata moja, na jana niliuogopa. Ukitaka nikufiche, nitakuficha. Lakini umeniuliza."

Kaka yake, aliyekuja na mdomo umejaa maneno, akaomba maji ya kunywa. Akanywa, akarudisha glasi, akasema kumekuchwa na njia ni mbovu. Mlangoni alimshika dada yake bega kidogo, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu msiba wa mama yao.

Tajiri alikubali kungoja, ila si sana. Kwa muda huo Chapchap akapewa kazi ya kuhamisha magari yadini: hili lisogezwe kwenye pampu, lile lirudishwe ukutani. Kibandani hawakumhurumia. Walimwuliza kama amebeba chakula cha njiani. Fundi makanika alimpungia leso kila alipowasha gari, akimtakia safari njema na kumwomba alete zawadi akifika kwenye kuta za kaskazini. Chapchap alicheka nao, lakini mzunguko aliufanya kwa kununa, na mara nyingine hakuufanya kabisa, maana, alisema, gari linakwenda hatua nne tu.

Siku moja ya jua kali, Bi Mzunguko alimwambia apande kwenye lori kubwa lililosimama wazi katikati ya yadi, afunge mlango, asishuke mpaka aitwe, na ainamie usukani mpaka asikie mpini ukigonga mlango. Kisha akaenda kibandani akaomba msaada ambao hakuwahi kuuomba: kila mtu achukue benchi lake na chai yake amfuate. Wakamfuata kwa furaha, kwa sababu kitendo chochote kilichowaondoa kazini walikiunga mkono. Akawapanga. Benchi moja mbele ya bampa, karibu kabisa. Jingine upande wa kushoto, chini ya mlango wa abiria. Jingine nyuma ya tela. Mwenye kibanda akaja na birika lake. Hata tajiri, aliyetoka ofisini kuuliza kwa nini yadi imetulia, akapewa kiti na kikombe nyuma kabisa ya tela.

Bi Mzunguko akagonga mlango wa dereva. "Inua kichwa. Tazama mbele, tazama vioo vyote. Kuna nani?"

Chapchap akatazama. Alitazama vizuri, tumpe haki yake. Alijua huu ni mtihani. Aligeuza shingo huku, akageuza kule, akapekua kioo kimoja kimoja.

"Hakuna mtu, shangazi."

"Una hakika?"

"Hakuna mtu kabisa. Naweza kuondoka sasa hivi."

"Shuka."

Akashuka, akilitazama gari. Vicheko vikampokea kutoka pande zote, na kila alipogeuka akakuta watu wanakunywa chai. Fundi makanika alimwonyesha kikombe na kumkaribisha. Tajiri aliinua mkono kwa adabu. Chapchap, ambaye hana kinyongo, akaanza kucheka na yeye, akazunguka lori zima akiwahesabu kwa kidole, mpaka akafika mbele.

Kwenye benchi la mbele ya bampa, kati ya mwenye kibanda na dereva mwingine, alikuwa amekaa mkewe. Hakualikwa na mtu. Alikuwa amemletea mumewe chakula alichokisahau nyumbani, akakuta watu wanapangwa kwenye mabenchi, akaambiwa na yeye akae, mtu mwenye hali yake hasimami juani. Bakuli lilikuwa juu ya tumbo lake kubwa.

"Nilikupungia mkono," alimwambia. "Hukunijibu."

Aliyesema hivyo hakuwa na nia mbaya yoyote. Alidhani mumewe amenuna. Lakini watu waliacha kucheka mmoja mmoja, na fundi makanika akashusha kikombe. Chapchap alilitazama bampa, akamtazama mkewe, akalitazama tena bampa, kisha akalichukua lile bakuli kwa mikono miwili na kwenda kukaa nalo ukutani peke yake. Hakula. Bi Mzunguko hakumfuata, kwa kuwa yeye pia alikuwa bado akilitazama bampa. Huyo binti hakuwamo katika mpango wake.

Tangu siku hiyo hakumwambia kijana azunguke wala asizunguke. Alikaa kimya akangoja, na kukaa kimya kulimtesa.

Kisha, asubuhi moja, alikuwa kibandani ametia mkate kwenye chai, amewapa watu wote mgongo, alipomwona Chapchap akitoka ofisini na ufunguo wa gari dogo la tajiri, lile la kuendea mjini. Alikuwa ametumwa alitoe juani alitie kivulini, ng'ambo ya njia tu. Alikuwa akijiimbia chini kwa chini. Hakutazama kibandani. Akalifikia gari, akausimamisha wimbo, akachukua kijiti chini na kuanza kugonga tairi.

Alilizunguka gari dogo lile lote. Aligusa nati. Akapangusa kioo cha pembeni kwa mkono wa shati. Akaenda mbele, akatazama mbele ya bampa ambapo hapakuwa na kitu, akasimama hapo kidogo. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi, akalaza shavu karibu na ardhi, akachungulia uvunguni mwa gari ambalo hata paka mnene angejibana kupita. Akainuka, akajipangusa, akaingia, akafunga mkanda, akalisogeza gari mpaka kivulini.

Kibanda kizima kilikuwa kimeona. "Jamani," alisema fundi makanika, "ugonjwa umeambukiza!" Wakacheka mpaka birika likasahauliwa motoni.

Mkate wa Bi Mzunguko ulikuwa umekatika ukazama kwenye chai. Aliuacha. Akaenda mpaka mlango wa ofisi ya tajiri, hakuingia.

"Mpe," alisema.

Chapchap aliondoka na saruji yake asubuhi iliyofuata, na kwenye kabari yake mpya kulikuwa na kipande cha kamba nyekundu kilichokatwa kwenye ile ya shangazi yake. Alitarajiwa kurudi kesho yake mchana. Mchana huo ukaja na hakuja. Watu wakala, wakarudi kazini, jua likaanza kuinama, getini hapakuwa na kitu. Mkewe alikuja akakaa kibandani. Fundi cherehani naye alifunga duka mapema, akaja akakaa kando ya Bi Mzunguko, futi yake ya kupimia nguo bado ikining'inia shingoni.

"Si umpigie simu," fundi alimwambia Bi Mzunguko.

"Akipokea?"

"Utajua yu salama."

"Akipokea na huku anaendesha, nitajua hayuko salama. Nitakuwa nimemharibu mimi mwenyewe."

"Na asipopokea?"

"Asipopokea nitakufa hapa hapa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nyamaza, baba."

Simu ilikaa juu ya meza kati yao, imelala kifudifudi, na Bi Mzunguko aliitazama muda wote huo kama mdaiwa anavyoutazama mlango. Aliogopa. Mguu wake wa kulia, chini ya meza, ulikuwa umekanyaga ardhi na hauachii.

Kisha lori likaonekana kwenye geti, limejaa vumbi, linatembea kwa mwendo wa mtu anayeingia nyumba ya ibada. Kibanda kilisimama. Mkewe Chapchap alitoka nje akainua mkono. Honi ikalia mara moja, fupi. Bi Mzunguko akaanza kukimbia, magoti yake yakilalamika, akafika wakati lori linasimama, akafungua mikono.

Chapchap akashuka, akilitazama gari. Akaweka kabari nyuma ya tairi. Akafunga ufunguo kwenye kamba. Kisha akachukua mpini wake na kuanza kuzunguka.

"Njoo bwana, tuambie!" alipiga kelele fundi makanika. Chapchap akainua kiganja: subirini. Akagonga tairi, akatega sikio. Akaenda kwenye tairi jingine. Bi Mzunguko alibaki amesimama, mikono yake imefunguliwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa upande wa pili wa tela anagusa nati. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona jinsi mzunguko ule ulivyo mrefu, na alijizuia kwa nguvu zote asimwambie mtoto wa watu afanye haraka.

Hatimaye kijana akatokea mbele, akajipangusa magoti.

"Haya!" Watu walikuwa wamemzingira. "Mama Mkwe alikupokeaje? Kwa nini umechelewa? Sema!"

Chapchap akafungua mdomo. Huyu ni mtu ambaye akitumwa chumvi hurudi na kisa cha kutosha jioni nzima. Akaufunga mdomo. Akaangalia viatu vyake, akamgeukia shangazi yake, na akasema kwa sauti ya chini, kwa aibu ya kweli:

"Shangazi, hakuna kilichotokea."

"Hakuna?"

"Hakuna. Nilisimama juu, nikachagua gia, nikashuka nayo mpaka chini. Nikashusha mzigo. Wakati wa kurudi usingizi ukanijia, nikaegesha nikalala, ndiko nilikochelewa. Nikaamka nikazunguka. Basi." Akajaribu tena, akitafuta chochote cha kuwapa wale watu. "Hata kuku hakukatiza mbele yangu."

Bi Mzunguko akakaa chini, pale pale kwenye ngazi ya lori, akaanza kulia. Hakulia kwa siri. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, kwa furaha na kwa ule woga wote aliokuwa ameukalia, na mumewe akamfuta uso kwa ncha ya futi ya kupimia kwa kuwa hakuwa na kingine karibu.

"Sasa huyu analia nini?" aliuliza fundi makanika, amechanganyikiwa. "Si anasema hakuna kitu?"

Kisa hicho sasa kinasimuliwa kibandani kuliko vyote, kwamba siku moja Bi Mzunguko alililia hakuna kitu, na kila kikirudiwa machozi huongezeka. Wiki iliyopita yalikuwa yamefika kwenye pampu. Yeye hukisikiliza akipuliza chai. Kwa kweli kinampendeza, ingawa hawezi kukiri.

Ila kuna kipande kimoja ambacho hawakisimulii, kwa sababu walikuwa wakimtazama yeye. Mkewe Chapchap alikuwa amemkaribia mumewe polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Nilikupungia mkono pale getini," alimwambia.

"Nilikuona," alisema Chapchap.